Biashara Ikiyumba: Mwongozo kwa Wenye Nyumba za Wageni na Wafanyakazi Wao, Unguja na Pemba

Biashara inayotegemea wageni Zanzibar imeshasimama ghafla zaidi ya mara moja. Mei 2008 umeme ulikatika Unguja nzima kwa karibu mwezi mmoja. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Machi 2020 ndege za watalii zikasita kwa sababu ya korona. Ukiacha hayo makubwa, kuna madogo ya kila mwaka: masika, mwenye jengo kuliuza, meneja kuondoka na siri zote za kazi, kampuni inayoleta wageni kuvunja mkataba.

Mwongozo huu umeandikwa kwa nyumba ya wageni au mkahawa wenye watu 5 mpaka 30, lakini hesabu zake zinafaa pia duka, karakana au wenye maboti. Msimamo wetu ni mmoja: wafanyakazi waione hesabu ya kweli mapema, na zipunguzwe siku za kazi kabla ya kupunguzwa watu.

Siku ya kwanza na ya pili: jua una siku ngapi

Usianze kwa kufukuza wala kwa kukopa. Anza kwa kuhesabu fedha uliyonayo inakupeleka mpaka tarehe gani. Tuchukue nyumba ya wageni yenye vyumba 12 na wafanyakazi 14. Gharama zake za mwezi tuseme ni hizi: mishahara pamoja na michango ya ZSSF (Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar) 6,800,000, kodi ya jengo 2,000,000, rejesho la mkopo 1,300,000, umeme na maji 1,400,000, chakula na usafiri wa wafanyakazi 1,000,000, mengineyo 500,000. Jumla ni shilingi 13,000,000 kwa mwezi.

Benki kuna 21,000,000. Mwenye nyumba akigawa haraka haraka anapata siku 48, anapumua. Hapo ndipo wengi wanapojidanganya, kwa sababu ndani ya zile 21,000,000 kuna 6,500,000 za arubuni, yaani fedha za wageni ambao bado hawajaja. Arubuni si mapato mpaka mgeni alale. Safari zikivunjika, fedha hizo zinadaiwa zirudi, tena kwa wakati mmoja na kwa haraka. Toa pia 1,500,000 anazodai muuza samaki na dobi. Zinabaki 13,000,000, nazo ni siku 30.

Hesabu hii iandikwe kwenye karatasi moja, kwa mkono au kwa kompyuta, na iwe na tarehe. Kila Jumamosi iandikwe upya. Mwenye biashara asiyejua tarehe yake ya mwisho atatoa ahadi asizoweza kuzitimiza, na hilo litamharibia zaidi kuliko ukosefu wa wageni.

Kabla ya siku ya tatu kwisha: zungumza na wafanyakazi

Uvumi hausubiri kikao. Mtu wa mapokezi anaona wageni wanavyofuta nafasi zao, mpishi anaona samaki wanaoagizwa wamepungua, na jioni kwenye daladala habari imeshafika shamba. Ukikaa kimya wiki mbili, watu wako wazuri watakuwa wameshatafuta kazi kwengine. Watabaki wasiokuwa na pa kwenda.

Azungumze mwenye biashara mwenyewe. Kumtuma msimamizi wa zamu ni kumtwisha lawama zisizo zake. Fanya vikao viwili ikiwa zamu ni mbili, siku hiyo hiyo, kwa maneno yale yale, ili asiwepo aliyesikia kwa jirani. Epuka Ijumaa karibu na sala na epuka usiku watu wakiwa wamechoka. Saa nne ya asubuhi, vyumba vikiwa vimeshasafishwa, ni wakati mzuri.

Sema mambo matatu tu: unachokijua, usichokijua, na siku mtakayokutana tena. Kwa mfano:

"Assalaam aleikum jamani. Nimekuiteni nyote kwa sababu hali ya kazi imebadilika. Tukiendelea hivi hivi, fedha tuliyonayo inatosha mwezi mmoja. Mshahara wa mwezi huu upo kamili na mtalipwa tarehe ile ile. Wa mwezi ujao haujatimia, na nataka tuupange pamoja. Ndege zitarudi lini, sijui. Leo mchana nakwenda benki. Jumamosi saa nne tunakutana tena hapa, nikiwa na jawabu au sina."

Lazima mtu atauliza, "Bi Mkubwa, tutafukuzwa?" Usijibu "msijali". Jibu kile ambacho hakitakusuta kesho: "Hakuna jina nililolikata. Ikifika hatua ya kupunguza watu, mtaisikia kwangu kwanza, na vigezo mtaviona kabla ya majina."

Wekeni mezani ile karatasi ya hesabu. Wako wenye biashara wanaoogopa wafanyakazi kuona kodi ya jengo au rejesho la mkopo. Hofu hiyo tunaielewa, lakini mtu anayeombwa aache theluthi ya mshahara wake ana haki ya kuona theluthi hiyo inakwenda wapi. Siri ikibaki, watadhani unajenga nyumba nyengine.

Na Jumamosi ikifika, kikao kifanyike hata kama hakuna jipya. Kikao cha pili kisipofanyika, cha kwanza kinahesabiwa kuwa ulikuwa uongo.

Punguza siku kabla ya watu

Hapa ndipo pa kukaa na kalamu. Mwenye nyumba ya vyumba 12 anaweza kufikiri: niondoe watu 5 kati ya 14. Kwa hesabu ya wastani ataokoa karibu 2,430,000 kwa mwezi. Lakini hatoziona mwezi huo. Kuna notisi, kuna likizo ambazo hawajazichukua, kuna stahiki nyengine za kisheria, na zote zinalipwa wakati fedha ni haba. Wageni wakirudi atatafuta watu wapya na kuwafundisha upya kutandika vitanda na kuendesha mapokezi.

Njia ya pili: wote 14 wabaki, wafanye siku 4 badala ya 6 kwa wiki, na walipwe kwa siku wanazofanya. Mishahara inashuka kutoka 6,800,000 mpaka karibu 4,550,000. Umeokoa 2,250,000, karibu sawa na kufukuza watu watano, tena kuanzia mwezi wa kwanza. Ongeza mengine: mwenye jengo akikubali nusu ya kodi ni 1,000,000, benki ikikubali ulipe riba peke yake tuseme ni 500,000, ukifunga vyumba vya juu na kuzima friza moja, umeme na maji vinashuka mpaka 700,000, chakula na usafiri 650,000, mengineyo 300,000. Jumla mpya ni 7,700,000. Zile 13,000,000 zilizokuwa za siku 30 sasa zinakupeleka siku 50.

Siku 20 za ziada zinatosha kujua kama ndege zinarudi, kupata wageni wa ndani, au kupanga kufunga kwa heshima.

Ili njia hii isigeuke ugomvi, angalia mambo haya.

Makubaliano yawe ya maandishi na ya hiari. Mshahara uliopo kwenye mkataba haupunguzwi kwa tangazo la ubaoni. Karatasi iwe ya Kiswahili, ukurasa mmoja: siku za kazi kwa wiki, malipo mapya, tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho (tunashauri isizidi siku 60, halafu mkutane tena), na sentensi inayosema kwamba muda ukimalizika masharti ya zamani yanarudi. Nakala mbili, saini mbili, kila mmoja anabaki na yake. Kabla ya kusainiana, peleka karatasi Kamisheni ya Kazi waitazame, hasa upande wa kima cha chini cha mshahara. Kama wafanyakazi wana chama, kiongozi wa tawi aitwe tangu kikao cha kwanza. Akiitwa mwisho ataona amewekwa kama shahidi tu.

Kazi zote hazigawiki sawa. Mlinzi wa usiku hawezi kulinda siku nne kwa wiki. Kwa kazi hizo, weka watu wawili wapokezane, au mlinzi abaki siku zote na mwengine apewe siku chache zaidi, lakini sababu isemwe mbele ya wote. Ratiba ya zamu ibandikwe ukutani jikoni, ya wiki mbili mbele. Ratiba inayoandikwa usiku kwa usiku hufungua mlango wa upendeleo: wa kwetu anapata Jumamosi yenye wageni na bakhshishi, wa Bara anapata Jumatatu kavu. Zungusha siku nzuri, na kila mtu aone mzunguko wenyewe.

Meneja na mwenye biashara nao wapungukiwe. Kama gari ya bosi bado inajazwa mafuta kama zamani, karatasi yako ya hesabu haitaaminiwa.

Ikilazimu kuagana

Zanzibar ina sheria zake za kazi: Sheria ya Ajira Nam. 11 ya 2005 na Sheria ya Mahusiano Kazini Nam. 1 ya 2005. Kosa linaloonekana sana ni kuchukua fomu ya mkataba au barua ya kuachisha kazi iliyotoka Bara, yenye vifungu vya sheria ya Bara, na kuitumia Paje au Chake Chake. Kazi na ajira si jambo la Muungano. Hifadhi ya jamii nayo ni hivyo hivyo: hapa ni ZSSF. Lakini kodi ya mishahara inakwenda TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), na VAT, yaani kodi ya ongezeko la thamani, ya huduma za hapa inakwenda ZRA (Mamlaka ya Mapato Zanzibar). Anayechanganya haya analipa mara mbili, au anadaiwa na ofisi ambayo hakujua kwamba inamhusu.

Andika vigezo kwanza, majina baadaye. Vigezo viwe vinavyopimika: kazi ipi haipo tena, nani ana ujuzi wa kazi mbili, nani ametumikia muda gani. Usiweke "tabia", kwa sababu kila mtu ataisoma kama chuki. Kama kuna mwenye mimba au aliye likizo ya ugonjwa, usiguse jina lake bila ushauri wa kisheria.

Mwite mtu mmoja mmoja, faraghani, mkiwa na barua na hesabu ya malipo yake mkononi: siku alizofanya, likizo iliyobaki, notisi, michango ya ZSSF iliyolipwa mpaka mwezi gani. Mpe na barua ya utumishi hapo hapo, ataihitaji kesho yake. Kumwachisha mtu kwa ujumbe wa simu kunamvunjia heshima, na pia kunampa hoja mbele ya kitengo cha migogoro ya kazi.

Umeme ukikatika kwa muda mrefu

Waya wa baharini wenye uwezo wa megawati 100 uliokamilika 2013 umeipa Unguja nafuu, na Pemba iliunganishwa kutoka Tanga 2010. Hata hivyo visiwa vyote viwili bado vinapata umeme wake kutoka Bara kupitia chini ya bahari, kwa hiyo mpango wa jenereta si anasa.

Jenereta la kVA 20 likibeba robo tatu ya uwezo wake hunywa takriban lita 4 za dizeli kwa saa. Kwa saa 10 kwa siku ni lita 40, na kwa mwezi lita 1,200. Zidisha kwa bei ya mwezi huo inayotangazwa na ZURA, mamlaka inayosimamia huduma za nishati na maji Zanzibar, kisha ulinganishe na mapato ya vyumba vilivyojaa. Mara nyingi utaona ni nafuu kuwasha saa 12 asubuhi mpaka saa 3, na magharibi mpaka saa 5 usiku, kuliko kutwa nzima.

Majenereta mengi yaliyopo mahotelini yamenunuliwa kwa dharura ya saa mbili tatu. Yakifanya kazi mfululizo usiku na mchana, oili inayobadilishwa kila saa 250 itahitajika kila baada ya siku 10. Wengi wanabadilisha kwa mwezi, kwa mazoea, na injini inakufa wiki ya nne. Weka daftari la saa pembeni mwa jenereta, na mtu mmoja mwenye dhamana nalo. Usiliwashe kwa taa tatu tu usiku kucha: likibeba chini ya thuluthi ya uwezo wake kwa muda mrefu, dizeli haiungui vizuri na masizi yanajaa kwenye ekzosi. Washa vyombo kimoja kimoja, pampu ya maji kwanza, halafu friza. Vyote kwa pamoja vinaliangusha.

Friza iliyojaa na isiyofunguliwa huhifadhi baridi kwa takriban saa 48, iliyojaa nusu saa 24. Friji ya kawaida ni saa 4 tu. Kwa hiyo siku ya kwanza hamisha pweza na samaki wote kwenye friza moja ijae, funga, na andika saa juu ya mlango kwa chaki.

Na msisahau kwamba bila umeme kazi ya dobi na ya kubeba maji inaongezeka maradufu kwa watu wale wale. Ovataimu ihesabiwe. Anayeondoka usiku apatiwe usafiri. Simu za wafanyakazi zichajiwe jenereta likiwaka, ni kitu kidogo na kinakumbukwa.

Wadai

Nenda benki kabla ya kukosa rejesho la kwanza. Ukienda na ile karatasi ya hesabu, unaomba kupangiwa upya. Ukienda baada ya kukosa mara mbili, unajitetea. Ritani za kodi zipelekwe hata mwezi usio na mapato, kwa sababu faini ya kutopeleka haiangalii kama ulikuwa na mgeni. Katika wanaokudai, lipa kwanza wadogo: mvuvi, mama wa mboga, dobi. Hao hawana akiba ya kukusubiri, na wageni wakirudi ndio utakaowahitaji siku ya kwanza.

Mwenye biashara au meneja akibadilika

Hapa vinavyopotea ni vidogo. Laini ya simu ya hoteli imesajiliwa kwa alama za vidole za meneja wa zamani. Lipa namba ipo kwa jina lake. Nywila ya ukurasa wa kupokea wageni anaijua yeye peke yake, na msimbo wa kuthibitisha unakuja kwenye simu yake. Akiondoka kwa hasira, biashara inabaki bubu. Laini na lipa namba zisajiliwe kwa jina la biashara tangu mwanzo. Kama hazijasajiliwa hivyo, zibadilishwe kabla ya kuagana, mkiwa naye dukani kwa wakala.

Siku ya makabidhiano hesabuni vitu pamoja: mashuka, funguo, gesi, vinywaji, fedha ya kabati. Saini mbili. Kwa upande wa wafanyakazi, mwenye mpya na wa zamani waandike barua moja ya pamoja inayosema muda wa utumishi, siku za likizo na malimbikizo ya kila mmoja yanabebwa na nani. Bila ya barua hiyo, mtu aliyetumikia miaka minane anaambiwa ameanza jana. Mwenye mpya asibadilishe zamu, sare na mfumo wa malipo kwa wiki moja. Abadilishe kimoja, asikilize wiki tatu, ndipo cha pili.

Kwa mfanyakazi

Weka nyumbani nakala ya mkataba, karatasi za mishahara na barua zote. Nenda ZSSF uangalie kama michango inaingia. Usingoje mpaka uachishwe ndipo ugundue miezi kumi haipo. Andika kwenye daftari lako siku na saa ulizofanya. Usisaini karatasi tupu wala karatasi ya lugha usiyoielewa. Omba siku moja ukaisomeshe.

Angalia upatu. Kundi ambalo wote ni wa hoteli moja linaanguka siku moja na hoteli. Mshahara ukipungua, kaeni siku ile ile mpunguze mchango au msimamishe mzunguko kwa makubaliano, na aliyekwisha kupokea aandikiwe deni lake. Usiwe mdhamini wa mkopo wa mwenzako katika kipindi hiki. Ukipewa siku mbili za ziada za mapumziko kwa wiki, mwambie mwajiri wazi kama unafanya kibarua kwengine, ili ukiitwa ghafla pasiwe na mvutano.

Pemba jambo hili lina sura yake. Msimu wa karafuu ukiwa mzuri, kuchuma kunalipa, na ZSTC, shirika la biashara la Serikali ya Zanzibar, ndiyo inayonunua. Mavuno makubwa hayaji kila mwaka, kwa hiyo mwajiri wa Wete au Mkoani ambaye biashara yake imelala afanye busara ya kuwapa watu ruhusa ya maandishi waende mashambani, na tarehe ya kurudi ijulikane.

Kupanga kabla

Kati ya 2021 na 2023 Ramadhani iliangukia kati ya mwisho wa Machi na katikati ya Mei, na wengi walizoea kufunga biashara mara moja kwa mfungo na masika. Mwezi unarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, na 2026 umefika Februari, wakati wa kaskazi, wageni wakiwa wengi. Zamu za Ramadhani sasa zinahitaji watu wa kutosha: wafungaji watoke mapema kwa futari, na wasiofunga washike jioni, kwa kukubaliana mwezi mmoja kabla.

Masika yenyewe yawekewe fedha. Ikiwa mwezi uliobanwa unakula 7,700,000, Aprili na Mei zinataka 15,400,000. Gawa kwa miezi 10 iliyobaki: shilingi 1,540,000 kila mwezi, ziingie akaunti ya peke yake tarehe ile ile ya mishahara. Arubuni nazo ziwe na akaunti yao, na zihamishwe siku mgeni anapopokea ufunguo.

Wageni wakianza kurudi, waite kwanza waliopunguziwa siku, halafu walioachishwa, kwa mpangilio wa vigezo vile vile ulivyoviandika. Wote wakisharudi siku 6, ndipo utangaze nafasi mpya.